Saa Mbili ya Nani

Ijumaa, Machi 14

Daftari hili binti yangu alininunulia niandike safari. Mwaka mzima kwake ugenini umekwisha, sijaandika hata mstari mmoja. Basi nitaandika kurudi.

Treni imeingia saa nane mchana kasoro dakika tano. Mvua inanyesha, masanduku yangu matatu, na rafiki yangu Nukta hakuwepo. Nilimwandikia mwezi mzima kabla, nikamtajia siku na saa, nikamwomba aje na mkokoteni maana mgongo wangu si ule wa zamani. Nimesimama pale kituoni mpaka abiria wote wakapokewa, wakakumbatiwa, wakaondoka. Mfagiaji akaniuliza, "Mzee, unangoja treni au umeshuka?" Nikamwambia nimeshuka. Akasema pole, akanifagilia mbele ya miguu.

Nimemlipa mchukuzi. Nyumba inanuka ukungu. Godoro bichi. Nimetandika shuka juu ya kiti kirefu na sasa naandika huku nimekasirika, kwa hiyo mwandiko huu usinishangaze nikija kuusoma.

Miaka ishirini na mbili ya urafiki. Hata kutuma mtu?

Jumamosi, Machi 15

Nimefungua duka. Kufuli limeshika kutu, nimelipaka mafuta ya saa, matone matatu, likakubali. Ndani, saa kumi na moja ukutani zimesimama, kila moja na wakati wake. Nimezifuta, nimezitia ufunguo moja moja, na ilipofika ya sita moyo ukaanza kutulia. Saa ya tisa springi imekatika. Nimeiacha.

Kinyozi wa duka la pili amekuja kunisalimia akiwa bado na kitana mkononi na mteja wake nusu kichwa. "Fundi! Umenenepa! Umeng'aa! Huko maji yao ni maziwa nini?" Nikamwambia nimezeeka tu kwenye kivuli. Akacheka, akaniuliza nimemletea nini. Nimempa wembe wa kukunja. Kamwonyesha mteja, mteja akamwomba arudi amalizie kichwa.

Sikumuuliza habari za Nukta. Naye hakusema, na mtu huyo kutosema ni ugonjwa.

Jumapili, Machi 16

Nimelala mchana kutwa. Mvua.

Jumatatu, Machi 17

Mkanda mmoja, betri mbili. Kuna mama ameshangaa kuniona: alidhani nimekufa. Nimemwambia bado. Asiyekuwapo na lake halipo, lakini kumbe huwa wanakufukia kabisa.

Alhamisi, Machi 20

Inabidi niandike Alhamisi ni nini, maana nikifa kweli atakayesoma hatajua.

Mimi nachora. Sikufundishwa, nilianza kwa kuchora mashine za saa nisisahau gurudumu gani lilikaa wapi, halafu siku moja nikamchora mwenye saa. Nyuso za wateja, kwa penseli, nusu ya juu ya ukurasa. Nukta alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji, miaka thelathini akitafuta makosa ya watu wengine, jina lake la utani limetoka huko. Alikuja kuweka betri, akaiona picha ya Kinyozi, akachukua kalamu bila kuniomba na akaandika chini yake: "Kinyozi ana mkasi, ila ulimi u wembe." Mistari mingine mitatu ikafuata. Toka siku hiyo kila Alhamisi jioni, nikishafunga, anakuja. Mimi nachora juu, yeye anatia ubeti chini. Tumejaza madaftari manne. Hakuna aliyeyaona zaidi yetu, kwa sababu Kinyozi angetushtaki.

Kule nilijaza daftari la tano peke yangu. Nyuso za kwenye treni, za kwenye foleni, za kwenye benchi la bustani nilipokuwa nampeleka mjukuu. Themanini na mbili. Nusu ya juu picha, nusu ya chini nyeupe. Nilimwachia nafasi yake kila ukurasa.

Leo nimefunga mapema. Nimechemsha chai, nimetoa vikombe viwili. Nimekaa mpaka giza likaanza kuingia. Chai ya kikombe cha pili nimeinywa mwenyewe, imepoa.

Alhamisi, Machi 27

Hakuja.

Jumatano, Aprili 2

Nimemwona. Alikuwa ng'ambo ya barabara na mwavuli mweusi, anatembea polepole kuliko nilivyomwacha. Nilikuwa mlangoni namwaga maji. Nina hakika aliniona, maana aligeuka ghafla akaanza kutazama vitambaa kwenye dirisha la fundi cherehani, na Nukta hajawahi kutazama kitambaa maishani mwake. Nami nikainama kama nimeangusha kitu. Nimekaa nimeinama hapo, mzee mzima, natafuta kitu ambacho hakikuanguka. Nilipoinuka alikuwa ameshapita.

Sitamwendea, ng'o. Aliyekosa ndiye hubisha hodi.

Alhamisi, Aprili 3

Hakuja. Nimejaribu kuchora peke yangu, uso wa yule mama aliyedhani nimekufa. Mkono mzito. Pua imetoka ya mtu mwingine. Nimefuta mpaka karatasi ikatoboka.

Jumamosi, Aprili 5

Mvua. Bati limevuja juu ya meza ya kazi, nimeweka sufuria. Tone moja kila sekunde mbili, sawasawa kuliko saa zangu tatu za ukutani.

Jumatano, Aprili 9

Binti amepiga simu. Mjukuu ananiulizia. Amenipa nimsikie: alisema "Babu" halafu akakimbia.

"Baba, umeshazoea?"

"Nizoee nini? Ni kwangu."

"Na rafiki yako yule wa mashairi? Amefurahi kukuona?"

"Ana shughuli."

Akanyamaza. Amerithi kunyamaza kwa mama yake, unajikuta umeungama bila kuulizwa. Nikamwambia mteja amekuja. Duka lilikuwa tupu.

Nilipokaa kule nilikuwa nahesabu siku za kurudi. Nilijiambia nikifika nitakaa kwenye kiti changu, nitasikia saa zangu, na Alhamisi itakuja. Vyote nimevipata ila cha mwisho, na kumbe ndicho kilichokuwa kinashikilia vingine.

Jumanne, Aprili 15

Nimekwenda kunyolewa. Kinyozi alipofika kisogoni, mahali ambapo mtu hawezi kukimbia, akasema, "Na Nukta naye anatuacha."

Nikauliza anatuacha vipi.

"Hujui? Wewe? Mwanawe anamchukua. Mwisho wa Mei. Miguu haimtaki tena, na ngazi zile za kwake. Vitabu ameshaanza kuvifunga. Kwa mwanawe ni mbali, siku mbili za gari." Akasimamisha mkasi. "Hajakuaga?"

Nikamwambia bado hatujaonana vizuri.

"Mwezi mzima?"

"Aliyeshindwa kunipokea ndiye atafute namna."

Kinyozi akapiga mluzi mdogo, akaendelea kunyoa. Nimetoka na kisogo upande mmoja kimepanda kuliko mwingine.

Jumatano, Aprili 16

Mwisho wa Mei. Alhamisi saba.

Jumamosi, Aprili 19

Siku hii nitaiandika yote, iwe adhabu yangu.

Nimeamka na wazo kwamba Kinyozi ananiona mimi ndiye mwenye kosa. Mtaa mzima utaona hivyo, maana anachoona Kinyozi mtaa huona baadaye kidogo. Nikakumbuka nina ushahidi. Barua zote za kwenda kwa Nukta huwa naziandika rasimu kwanza, kwa sababu yeye barua akiipata huisahihisha kabla ya kuisoma. Rasimu ya ile ya mwisho ilikuwa nyuma ya daftari la picha. Nimeichana, nimekwenda nayo kwa Kinyozi, nikamkuta hana mteja, nikamwekea mbele ya kioo.

"Soma. Soma kwa sauti. Halafu uniambie nani kamtupa nani."

Akasoma. "Ndugu yangu, nitafika Ijumaa tarehe kumi na nne, treni inaingia saa mbili. Njoo na mkokoteni, mizigo ni mizito. Wako, Fundi." Akaitazama tena. "Sasa?"

"Sasa nini? Siku nimemwambia, saa nimemwambia. Hakuja."

"Alikuja."

"Nani?"

"Nukta. Mkokoteni si ni wangu? Alikuja kuuazima saa moja asubuhi, mvua hiyo. Nikamwambia mzee, ngoja ipungue, akasema la, Fundi anashuka saa mbili, nitachelewa. Amerudi saa saba mchana amelowa chapachapa, mkokoteni mtupu. Nikamuuliza mgeni yuko wapi, akauacha mkokoteni akapita. Mimi nikadhani umeahirisha. Jioni naona taa kwako."

Nilikuwa nimeshaanza kujua. Nilijua kabla hajamaliza. Tiketi kule huandikwa kwa saa zao: 2. Mchana wao wanaanza kuuhesabu upya, saa yetu ya nane kwao ni ya pili. Mwaka mzima nilikuwa naishi kwa hesabu hiyo. Dawa ya mtoto saa 2, bustanini saa 3, nikazoea hata ndotoni. Nikaitazama tiketi, nikanakili mbili, nikaiandika kwa maneno kabisa, kwa lugha yangu mwenyewe, kwa mtu ambaye saa mbili kwake ni wakati jua limekwisha kupanda na watu wako kazini.

Kinyozi naye akaelewa. Nilimwona kwenye kioo anaelewa. Macho yakamtoka, mdomo ukafunguka, akajishika kiuno.

"Saa mbili ya nani, Fundi? Ya nani?" Akakaa kwenye kiti cha wateja, akacheka mpaka akafuta machozi kwa taulo la wateja. "Fundi saa! Wallahi! Nyani haoni kundule! Unatengeneza saa za mji mzima!"

Nikachukua karatasi yangu. Aliponiona uso akaacha kucheka.

"Amekaa pale saa tano kwenye mvua," nikasema.

"Basi nenda ukamwambie. Ni jambo la kuchekwa hili, si la kugombana."

Nimerudi dukani nikafunga mlango, saa zote zinalia, kumi kwa pamoja. Mwezi mmoja na siku tano nimemnunia mtu niliyemlowesha mwenyewe.

Jumapili, Aprili 20

Nimefika mpaka chini ya ngazi zake. Nimerudi.

Jumatatu, Aprili 21

Kinyozi hajamwambia mtu. Sikutegemea. Leo ameniletea andazi, akasema limebaki.

Alhamisi, Aprili 24

Nimekwenda.

Ngazi ni kumi na tisa, sikuwahi kuzihesabu. Mlango ulikuwa wazi. Nikabisha hodi, akasema "Karibu" kabla hajageuka, na alipogeuka hakuiondoa ile karibu. Chumba kimejaa mafungu ya vitabu vilivyofungwa kamba. Yeye ameketi katikati, mguu mmoja juu ya kigoda, amekonda.

Tukasalimiana. Habari za safari, nzuri. Za binti, mzima. Za mjukuu, anakimbia. Za miguu, inagoma. Za mvua, unaziona. Tulipomaliza zote hakukubaki kitu cha kujificha nyuma yake.

"Nimekuja kukuomba radhi," nikasema. "Ile saa. Niliandika mbili nikiwa na maana ya nane. Nilinakili ya kule. Nimegundua juzi tu. Kabla ya hapo nilikuwa nakulaumu."

"Hilo nalijua."

"Kinyozi?"

"Kinyozi wa nini? Mimi ni msahihishaji." Akafunga fundo la kamba, taratibu. "Saa nne nilikuwa nimekasirika. Saa sita nikacheka peke yangu pale kwenye benchi. Nikasema, Fundi huyu saa zao zimemwingia. Atashuka saa nane, mkavu, ananitafuta."

Sikuelewa. "Sasa mbona hukungoja? Ulirudi saa saba. Ilibaki saa moja."

Akavuta kamba nyingine. Mvua ilikuwa inapiga dirisha.

"Kwa sababu nilipomaliza kucheka nikajiuliza namngoja nani," akasema. "Barua tatu, Fundi. Mwaka mzima. Ya kwanza umefika salama. Ya pili nikatazame bati lako kama linavuja. Ya tatu njoo na mkokoteni. Mimi nimekuandikia kumi na tisa. Nilikaa pale na mkokoteni wa kuazima nikaona, kumbe mimi ni mchukuzi. Mchukuzi asiyelipwa. Basi nikarudi."

Nilitaka kujitetea. Nilitaka kumwambia barua zake zote ninazo, nimezifunga kwa mkanda wa saa, kila moja nimeisoma mara tatu nne. Nikamwambia hivyo. "Nilizijibu zote moyoni."

"Posta ya moyoni haifiki kwangu," akasema.

Nilikuwa nimebeba daftari la tano ndani ya nailoni lisilowe. Nikampa. Akavaa miwani, akafungua. Alitazama ukurasa wa kwanza, akaona nusu ile nyeupe, nikaona ameona.

"Mkono wako umekua," akasema. "Huyu bibi wa kofia nani?"

"Sijui."

Akafungua mwingine. "Na huyu mwenye shavu?"

"Alikuwa anapanda treni moja na mimi kila asubuhi."

"Nani?"

"Sijui, Nukta."

"Na huyu? Na huyu?" Alifungua kama kumi. Kila mmoja nikasema sijui. Akalifunga daftari, akavua miwani. "Sura themanini, hukumuuliza hata mmoja jina? Wewe? Dukani kwako mtu akileta betri unamuuliza mpaka shangazi yake."

"Lugha yao siiwezi. Nikifungua mdomo watu wananiangalia kama redio mbovu. Nikaacha kuufungua. Binti anatoka asubuhi anarudi amechoka. Mtoto nilikuwa nazungumza naye, naye ana miaka miwili." Nikasikia sauti yangu inakatika, nikaiacha ikatike. "Nilikuwa peke yangu. Sijawahi kuwa peke yangu vile. Nilikuwa nachora ili niwe na watu."

"Na barua? Si ungeniandikia hilo hilo?"

"Niliona haya. Mtu amesafiri, kila mtu nyumbani anadhani anastarehe. Utaandika nini? Naketi dirishani? Kila nikianza nikaona nalia, nikachana. Za bati na mkokoteni ndizo nilizoweza kumaliza."

Nukta akatikisa kichwa, kwa huzuni kuliko hasira. "Mficha uchi hazai, ndugu yangu," akasema. Hakuniita Fundi.

Akanichemshia chai. Tulikunywa vikombe viwili viwili. Nilipoinuka nikamwomba abaki na daftari, atie beti zake kabla hajaondoka. Akanirudishia.

"Siwezi. Sura nisiyoijua siiandikii, nitakuwa natunga uongo. Na wewe huwezi kunisimulia. Hizo zitabaki hivyo hivyo."

Nimeshuka ngazi nikijua nimesamehewa na nimepoteza, vyote viwili.

Alhamisi, Mei 1

Amekuja. Kinyozi amemshika mkono kuvuka barabara, kisha akajifanya ana kazi ndani.

Nukta amekataa kuandika. Anasema Alhamisi zimebaki nne na beti nne hazitatufikisha popote, bora anifundishe niandike mwenyewe. Nimemwambia mikono yangu ni ya vibano. Akasema mizani ni kazi ya fundi: kila mstari vipande viwili, kila kipande mizani nane, ikizidi moja inakwaruza, ikipungua moja inapwaya. Nimehesabu kwa vidole. Nimepata kumi na moja. Ameniambia hiyo si saa, hiyo ni toroli.

Alhamisi, Mei 8

Kumi, tisa, tisa, saba. Vina hakuna. Tumecheka.

Jumatatu, Mei 12

Mvua imepasua mtaro, duka la cherehani limeingia maji. Tumesaidia kubeba vitambaa.

Alhamisi, Mei 15

Leo Nukta aliniuliza jambo. Nilikuwa nimeinamia saa ya mteja, lenzi jichoni, ndipo akauliza, labda kwa sababu sikuwa namtazama.

"Kule, jioni, ulikuwa unafanya nini hasa?"

"Naketi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka usingizi."

Nilitoa lenzi nikamtazama. Mwezi na zaidi nilidhani ana kiburi, halafu nikadhani ana hasira, halafu nikadhani ananionea huruma. Mtu huyu anaogopa. Mwanawe ni kijana mwema, mkewe ni mwema, watampa chumba chenye dirisha. Ataamka asubuhi kwenye nyumba ya watu wenye kazi zao, mtaa asiomjua muuza gazeti wake. Na wa kumuuliza habari za maisha hayo nilikuwa mimi, na mwaka mzima sikumwambia kitu.

Nikamwambia sasa. Yote: benchi, dirisha, sauti ya lifti ambayo nilikuwa naisikiliza ikipanda nikiomba isimame kwetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hiyo ndiyo barua niliyokuwa naingojea."

Alhamisi, Mei 22

Nane kwa nane, mstari mmoja, kuhusu sufuria la mvua. Nukta amesema hauna maana yoyote lakini umesimama.

Alhamisi, Mei 29

Ya mwisho. Tumegawana madaftari: yeye la kwanza na la tatu, mimi la pili na la nne. Lile la tano hakuna aliyelitaka, limebaki mezani.

Nilimwomba nimchore. Akakataa katakata. Anasema uso wake una makosa mengi mno hauwezi kwenda kiwandani.

Ijumaa, Mei 30

Gari la mwanawe limekuja asubuhi. Nilibeba vitabu pamoja na kijana, mafungu thelathini na moja, ngazi kumi na tisa. Kinyozi alitoa hotuba. Nukta alimwambia amefanya makosa mawili ya sarufi.

Alinishika mkono, akasema, "Haya, Fundi." Nikasema, "Haya." Kisha gari likaondoka, nasi tukabaki tumesimama pale kwa muda usiohitajika.

Alhamisi, Juni 5

Nimefunga mapema kwa mazoea. Chai kikombe kimoja. Mvua zimekwisha, jua linaingia mpaka kwenye meza, na sijui niliweke wapi.

Jumanne, Juni 10

Betri moja.

Alhamisi, Juni 12

Leo amekuja mkunga wa zahanati, mama mnene mwenye sauti ya chini, na saa yake ya kifuani, ile inayoning'inia kichwa chini. Anasema inakimbia. Nimeilinganisha: dakika nne mbele.

Kawaida ningerekebisha nikampa. Leo nikamwuliza imeanza lini.

"Sijui, Fundi. Labda mwaka, labda zaidi. Nimegundua wiki iliyopita." Halafu akaguna, akaanza kucheka kwa ndani. "Unajua maana yake? Kila mtoto anayezaliwa naandika saa na dakika. Mji mzima huu, watoto wa mwaka mzima, nimewaandikia wamechelewa dakika nne. Nimewapunja!"

"Utawaambia?"

"Nani? Hao? Watazijua wapi dakika nne?" Akafuta macho. "Lakini zinanikera. Nikiwaona barabarani nasema huyu nimemwibia."

Nikamwomba akae. Nikamuuliza kazi alianza lini, nani alimfundisha, wa kwanza kumzalisha alikuwa nani. Amekaa saa nzima. Nimemchora huku anazungumza, na pua imetoka yake. Jina lake nimelijua, na la mama yake.

Alipoondoka nimekaa na vidole vyangu mpaka duka likaingia giza. Nimeandika chini yake hivi:

Mkunga kaja dukani, saa yake yakimbia,
Watoto humu mjini, dakika 'mewapunjia,
Nne hazina thamani, mtoto hatazijua,
Mwaka wangu ugenini, nani atanilipia?

Nimehesabu mara sita.

Ijumaa, Juni 13

Nimechana ukurasa, nimeutia kwenye bahasha. Pamoja nao barua, kurasa tatu, bila rasimu. Nimemwambia Kinyozi anauza kofia siku hizi. Nimemwambia mtaro umezibwa. Nimemwambia Alhamisi ni ndefu na kwamba jana nililia kidogo baada ya mkunga kuondoka, na sijui kwa nini jana na si siku nyingine. Nimeipeleka posta kabla sijabadili mawazo.

Alhamisi, Juni 19

Kimya. Ni siku mbili kwa gari, kwa posta wanasema wiki.

Jumatatu, Juni 23

Kimya. Saa ya tisa ukutani nimeitia springi mpya. Inachelewa.

Alhamisi, Juni 26

Bahasha imefika, mwandiko wake, umeanza kutetemeka. Ndani hakuna barua. Hakuna salamu, hakuna habari za mwanawe, hakuna habari za chumba chenye dirisha. Ni ukurasa wangu tu ameurudisha.

Picha hakuigusa. Mistari mitatu ya kwanza hakuigusa. Kwenye wa nne amekata neno "wangu", akaandika juu yake "wetu". Amekata "atanilipia", akaandika "atatulipia". Pembeni, kwa herufi ndogo kama walivyokuwa wakiandikiana kiwandani:

"Mizani sawa. Kosa ni moja tu. Leta nyingine."

Nimeusoma nimesimama. Kisha nimefunga duka, saa tano asubuhi, wateja wawili mlangoni, nikaenda kumtafuta mtu wa kumchora.